Chupa ya Spiriti ya Gredi ya Nane

Kila asubuhi kabla ya kengele, Bitutu alifungua kabati la sayansi, akapangusa bilauri, akahesabu chupa tisa na vinu viwili, kisha akafunga na kuuning'iniza ufunguo shingoni. Shule yao, nje kidogo ya mji wa Rongo, haikuwa na maabara. Kabati hilo ndilo lililokuwa maabara, na Bitutu alikabidhiwa kwa sababu hakuwahi kuvunja kitu.

Ijumaa hiyo alihesabu mara mbili na bado hakujua amehesabu ngapi. Saa nne waamuzi wangefika kuitazama kazi ya Joyline, rafiki yake wa dawati moja. Wakiridhika, Joyline angeenda Migori kwenye maonyesho ya sayansi.

Joyline alikuwa ameihangaikia kazi hiyo wiki sita. Alitaka kuonyesha kwamba kijani cha mboga ya managu si rangi moja, ni rangi kadhaa zilizochanganyika. Alitwanga majani, kisha akatafuta kiyeyushi, yaani kitu cha kuyeyushia rangi ile. Alijaribu maji, kijani kikabaki kwenye jani. Alijaribu mafuta ya taa. Rangi ilitoka, lakini karatasi ilibaki na mafuta, haikukauka, na darasa zima likanuka jiko. Mwisho alijaribu spiriti. Rangi ilitoka, ikapanda kwenye karatasi ya kuchujia, ikajigawa: kijani chini, manjano juu. Spiriti yenyewe ikakauka. Joyline akaandika daftarini: "Kiyeyushi kizuri huchukua unachokitaka, kisha huenda zake bila kuacha kitu."

Jambo ambalo Joyline hakulijua ni la Jumanne. Siku hiyo, akipanga kabati, Bitutu aliigonga chupa ya spiriti kwa kiwiko. Alipoiinua, zaidi ya nusu ilikuwa imemwagika sakafuni. Hakumwita mtu. Alikwenda kwenye bomba la kisima, akajaza maji mpaka pale spiriti ilipokuwa imefikia, akafunga kizibo. Spiriti haina rangi, na maji hayana rangi. Nani angejua?

Waamuzi walifika wawili. Joyline alitwanga majani, akamimina spiriti, akatumbukiza ncha ya karatasi. Watu wakasubiri. Karatasi ililowa, lakini hapakupanda rangi yoyote. Chini kabisa palibaki doa hafifu, kama maji yaliyooshewa mboga.

"Hiyo rangi imekwama kama bodaboda kwenye matope," Levi wa dawati la nyuma akanong'ona, na wenzake wakacheka.

Joyline alirudia. Doa lilelile.

Mwamuzi mkuu, Bi Metrine, alifunua daftari, akatazama michoro. "Mwanangu, matokeo haya uliyaona kwa macho yako, au uliyanakili mahali?"

"Niliyaona, Madam. Mara nne."

"Mbona leo hayaonekani?"

Joyline aliigeuza karatasi upande wa pili. Aliyekuwa na jibu alikuwa ameketi kando yake, akiangalia viatu vyake. Bi Metrine aliandika maneno machache, wakaaga, wakaondoka. Joyline alilaza kichwa kwenye dawati na hakukiinua.

Mwalimu Angwenyi, wa sayansi, hakuridhika. Alichukua kipande cha kioo, akakipangusa vizuri. Upande mmoja alidondosha tone la spiriti kutoka kisanduku cha huduma ya kwanza; upande wa pili, tone kutoka chupa ya kabatini.

"Tazameni," alisema. "Kitu kikiwa safi, kikikauka hakiachi alama."

Tone la kwanza lilitoweka upesi, kioo kikabaki kitupu. La pili lilikaa, likakaa, na lilipokauka liliacha duara jeupe.

"Mwalimu, si hiyo ndiyo ile nyeupe ya birika la ofisini?" Levi aliuliza.

Ndiyo ilikuwa. Maji ya kisima cha shule yana chumvichumvi, na kila birika pale lina utando huo.

Mwalimu aligeuka. "Ufunguo anao nani?"

"Ni mimi," Bitutu alisema. "Ilimwagika Jumanne. Nikaongeza maji."

Joyline aliinua kichwa, akamwangalia. Mwalimu alitoka nje kupiga simu. Aliporudi, uso wake ulitosha. Orodha ya Migori ilikuwa imekwisha kutumwa.

Nyumbani, mama yake Bitutu, Bathsheba, alikuwa akipika chakula cha Sabato ili machweo ya Ijumaa, Sabato inapoanza, yasimkute jikoni. Alisikiliza kisa chote, akaepua sufuria.

"Vaa viatu. Sabato haitaingia nyumba hii ukiwa na jambo hilo kifuani."

"Mama, nimeshasema shuleni."

"Ulisema baada ya kushikwa. Twende."

Walimkuta Joyline uani kwao. Bitutu aliomba msamaha. Joyline hakuacha kuanua nguo kambani.

"Yule mama aliniuliza kama nilinakili," alisema. "Na wewe ulikuwa hapo hapo, kiwiko chako na changu vinagusana." Kisha akaingia ndani.

Jumapili mama alinunua chupa mpya kwenye duka la dawa. Kabla ya kulipa aliomba kipande cha kioo, akadondosha tone, akasimama kaunta mpaka likauke. Muuzaji alimshangaa, yeye hakujali. Jumatatu, mbele ya darasa zima, rangi zilipanda: kijani chini, manjano juu. Mwalimu Angwenyi alituma karatasi hiyo kwa waamuzi, pamoja na barua ambayo Bitutu aliiandika kwa mkono wake na kutia jina lake.

Jibu lilifika Jumatano. Matokeo ya Joyline yalikuwa ya kweli, na maneno yaliyoandikwa juu yake yamefutwa. Nafasi ya Migori, hata hivyo, ilikuwa imejazwa.

Alhamisi, siku ya maonyesho, Joyline alikuwa darasani kama kawaida, ila alikuwa amehamia dawati la mbele. Jioni Bitutu alikaa mlangoni, akisuka na kufumua uzi wa begi.

"Ni kwa sababu ya kiwiko tu, Mama," alisema. "Sikukusudia."

Bathsheba aliketi kando yake. "Sikiliza. Kiwiko hakikumzuia mtu kwenda popote. Kumwaga kitu ni ajali, na ajali ina dawa. Ungesema Jumanne ile, Jumatano tungenunua chupa nyingine, na leo mwenzako angekuwa Migori. Kilichomzuia ni zile siku tatu ulizonyamaza. Chupa nimeinunua. Siku hizo sijui zinauzwa wapi."

Bitutu aliangalia chini. Mama hakumpapasa, wala hakuondoka.