Spana Chini ya Gari

Anayetaka kucheka acheke mbali nami. Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa kuchomelea.

Mchana mmoja yeye na baba yake walikuwa gereji ya nyumbani wakitoa upepo kwenye breki. Mlango waliufunga ili majirani wasifaidi ugomvi wao, maana kila mmoja alimlaumu mwenzake kwa kuziharibu. Sasa walikuwa wamenuniana. Rafiki yangu alikaa kwenye kiti cha dereva, mguu kwenye pedeli ya breki; mzee alilala chini ya gari na kugonga kwa spana badala ya kusema: mara moja, kanyaga, mara mbili, achia.

Tochi ya mzee ikazimika. Giza likatanda, lakini spana haikunyamaza. Ngo. Rafiki yangu akakanyaga kwa hasira. Ngo-ngo. Akaachia. Nusu saa nzima!

"Baba, hatumalizi tu?"

Ngo. Akakanyaga.

Mara mlango wa nyuma wa gereji ukafunguka. Baba yake akaingia na chupa ya mafuta ya breki, jasho likimtiririka.

"Wewe kichwa maji! Mimi nimetoka zamani kwenda dukani. Nani kakwambia ukanyage?"

Mguu wa rafiki yangu ulikuwa bado umekanyaga pedeli.

Chini ya gari, spana ikagonga mara mbili.