Aliyebeba Jeneza la Jada

Agnes Keji alikuwa ameshainua karai la mafuta ya moto.

Mbele yake, kwenye benchi la wateja wa mandazi, alikaa Loro, mikono juu ya magoti, macho chini. Hakukimbia.

Muda mfupi tu kabla, Loro alikuwa amesema hivi:

"Shemeji, mutu iligonga Jada ni mimi."

Jamani... ngoja niwaeleze Loro ni nani, ndipo mjue kwa nini Keji aliinua karai lile.

Jada, mume wa Keji, aligongwa na pikipiki barabara ya Arua, siku ya mvua, akirudi nyumbani Koboko, kaskazini mwa Uganda, akafa. Aliyemgonga alitoroka. Loro, rafiki yake tangu utoto wao kule kijijini Midia, alilia msibani kuliko ndugu wa damu. Alichimba kaburi. Alibeba jeneza. Tangu hapo, kila wiki alimletea mjane kuni za kukaangia mandazi, na hata chai alikataa.

Ndiye huyo.

Keji naye alikuwa na jina kanisani. Miezi mitatu baada ya mazishi alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba aliyemuua Jada, popote alipo, amemsamehe. Watu walitoa machozi. Akina mama wenye uchungu moyoni wakaanza kuletwa kwake awafundishe. Aliwaambia wajikaze, kwa kuwa yeye alijikaza akaweza.

Kumsamehe mtu asiye na sura ni kazi nyepesi, ndugu zangu. Sasa sura ilikuwa pale, hatua mbili, na mafuta yanatoa moshi.

Alitafuta ndani yake ule moyo aliokuwa akiufundisha. Hakuupata. Alikuta hasira tupu, na hasira yenyewe ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomtisha.

"Yesu, mimi siwezi," alisema. "Nishike mikono."

Haikuwa sauti ya maombi ya kanisani... ilikuwa sauti ya mtu anayezama.

Akalirudisha karai jikoni vibaya, mafuta yakaruka yakamuunguza mkono, naye akaketi pale pale vumbini. Alipopata pumzi akamuuliza kwa nini amekuja kusema leo.

Loro akamweleza kwamba Jumapili ile ya ushuhuda alikuwa benchi la mwisho. Aliusikia msamaha ukitajwa, lakini aliona kuupokea kwa kujificha ni kumuibia mjane mara ya pili. Mwaka mzima alikuwa akijipanga kuja, akifika anashusha kuni na kuondoka.

Keji akainamisha kichwa.

"Nilidanganya, Loro. Sikukusamehe. Hata sasa sijakusamehe."

"Iko sawa, shemeji. Mimi nakwenda polisi."

Wakaondoka pamoja, maana Keji alitaka kuona kwa macho yake kwamba Loro amefika kituoni. Lakini mteja mmoja alikuwa amesikia yote, na habari Koboko haina miguu ila inakimbia. Hawajafika mbali, Kasimiro, kaka mkubwa wa Jada, mwanajeshi mstaafu, akatokea mbele yao na wadogo zake wawili. Wote walikuwa na fimbo.

Alimwambia Keji asogee pembeni.

Baadaye Keji alikiri kwamba wakati ule hakuwa na huruma hata chembe. Alitamani kusogea. Hatua moja tu, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Akamwambia Mungu tena kwamba hana nguvu... na akajikuta bado amesimama mbele ya Loro.

"Unamkinga aliyeua mume wako?" Kasimiro aliuliza.

"Sijui nafanya nini, shemeji. Lakini utapiga mimi kwanza."

Fimbo ya Kasimiro ikashuka polepole, na yule mzee wa vita akageukia upande wa pili akalia. Kisha wote wakatembea hadi kituoni, Loro mbele, ndugu nyuma, Keji katikati.

Loro yuko mahabusu, kesi inaendelea.

Jumapili iliyofuata Keji aliomba nafasi ya kusema, mkono ukiwa na bandeji. Wengi walitegemea ushuhuda mwingine wa kishujaa. Yeye akafuta ule wa kwanza. Alisema alijisifia nguvu ambayo hakuwa nayo, na kwa hiyo akawatwisha wajane wenzake mzigo ambao hata yeye hakuubeba.

Mama mmoja akamuuliza kama sasa amesamehe.

"Kila asubuhi namwomba Mungu moyo wa kusamehe wa siku moja," alijibu. "Siku zingine unaisha saa nne. Naomba tena."

Wewe unayesoma hapa huku umekaza meno, unaambia watu uko sawa... kufika mwisho wa nguvu zako si aibu. Hatari ni kujifanya bado unazo, na karai liko mkononi.