Wa Kwanza Kuliona Kanisa

Kila alasiri akitoka shule, Kiberenge alifagia chumba cha kushonea cha shangazi yake. Sakafu ilijaa vipande vya vitambaa: vya maua, vya mistari, vya sare za shule. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na hakuwa mtu wa kuinua kichwa akiwa kazini. Ungemsalimia, naye angekujibu huku mguu ukizidi kukanyaga.

Jina la Kiberenge alipewa na majirani kwa sababu hakujua kutembea. Akitumwa dukani alikwenda mbio kama kile kigari kidogo cha reli, na mara nyingi alirudi mikono mitupu, amesahau alichotumwa. Alikuja kuishi kwa shangazi baada ya mama yake kufariki. Baba yake aliendesha malori ya safari ndefu, akawa mgeni wa siku mbili tatu kila mwezi.

Watu walimsifu. "Mtoto huyu ana moyo mgumu," walisema. "Hajaonekana akilia hata siku moja." Kiberenge alizisikia sifa hizo akazitunza. Ukweli ni kwamba alimkumbuka mama yake kila siku, na hamu hiyo ilimbana kifua hasa saa ya kufagia. Karibu na dirisha palikuwa na kigoda ambacho mama alipenda kukikalia, akishona vifungo na kumtania shangazi, wifi yake. Kigoda kilikuwa bado pale. Kiberenge alifagia kukizunguka, wala hakukisogeza.

Kitu kimoja alikitamani kuliko vyote, nacho ni kwenda hija. Kila mwaka mama na shangazi walifunga safari kwa miguu pamoja na watu wachache wa mtaani, wakaenda hadi kanisa kongwe la kilimani, mwendo wa siku nyingi. Mama alirudi midomo imekauka kwa jua, akasimulia jinsi barabara inavyopinda kwenye mwinuko wa mwisho, na mara kanisa linaonekana kule mbali, jeupe na dogo kama jino la mtoto. "Na mimi ndiye huwa wa kwanza kuliona," alijigamba. "Kila mwaka! Natangulia mbele ya wote." Kiberenge alitaka kusimama pale pale mama aliposimama. Alihisi kwamba pale, kuliko mahali pengine popote, mama angekuwa karibu.

Mwaka huu shangazi alikubali. "Utakwenda," alisema akikata uzi kwa meno. "Ila viatu vipya usiniombe. Hali unaijua."

"Nitavaa raba za mama," Kiberenge alidakia.

Raba hizo za kahawia zilikuwa ndani ya boksi uvunguni mwa kitanda. Alipozitoa, alikuta ncha zake za mbele zimejazwa vitambaa vilivyokunjwa vikashonwa vizuri. Akadhani vimewekwa ili viatu visipoteze umbo. Akavichomoa, vikaenda na taka za siku hiyo. Kisha akavaa, na mguu ukaogelea. Shangazi alipoinama kubonyeza ncha ya kiatu, Kiberenge alisukuma mguu mbele mpaka vidole vikagusa.

"Vinakutosha?"

"Kabisa, shangazi. Kama nilipimiwa."

Shangazi alimtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani yake. Kazi za wateja zilikuwa zinamsubiri.

Siku ya kuondoka walikusanyika alfajiri. Kiongozi wa msafara alikuwa fundi mwashi, mtu mrefu ambaye wote walimwita Fundi. Mfuko wa safari ulishikwa na Mama Mizani, muuza unga, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa. Alikuja na binti yake, rika la Kiberenge, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupata likizo. Walibeba unga, maharage na sufuria kwa zamu. Wangelala kwenye madarasa na kumbi za makanisa, na wangepika wenyewe.

"Sikilizeni," Fundi alisema. "Pesa yetu ni ya kubana. Mtu akiugua vibaya, atarudi nyumbani kwa basi na mkubwa wake, na nauli itatoka kwenye mfuko huu huu. Kwa hiyo kila mtu ajichunge. La pili: anayekwenda polepole ndiye anayetangulia, na hakuna kumpita. Tukifanya kinyume, wenye nguvu watafika na wengine tutawaokota njiani."

Basi Mama Mizani akatangulia, akiyumba taratibu, na Kiberenge akalazimika kuburuta miguu nyuma. Ilikuwa adhabu! Chiriku alizungumza tangu daraja la kwanza hadi kituo cha mchana: kuhusu mwalimu wao wa hesabu, kuhusu paka wa jirani, kuhusu ndoto aliyoota, na ndoto aliyokaribia kuota.

Jioni hiyo kisigino cha Kiberenge kilikuwa kinawaka moto. Kiatu kilikuwa kimepanda na kushuka mchana kutwa, na lengelenge limetoka. Kesho yake likapasuka. Alilifunga kwa kipande cha kitambaa, akavuta soksi juu yake, akatembea akiwa amekaza taya. Nikisema, aliwaza, nitarudishwa, na shangazi itabidi arudi nami. Mama hakulalamika. Mama alitangulia mbele ya wote.

Lakini Chiriku alimkuta bombani akiosha mguu.

"Mama yangu! Hiyo nini? Mbona kumevimba hivyo?"

"Shh! Usimwambie mtu."

"Inatoa usaha!"

"Nitarudishwa, Chiriku. Sitaliona kanisa. Niahidi hutasema."

Chiriku aliutazama mguu, akamtazama rafiki yake usoni. Akaahidi. Masikini, hakujua amejitwisha mzigo gani.

Siku iliyofuata walitembea kwenye barabara ndefu iliyonyooka kati ya mashamba. Jua lilikuwa kali. Kiberenge alianza kusikia baridi, ingawa wengine walikuwa wanajipangusa jasho. Mbele, Mama Mizani alisimama ghafla, na msafara wote ukasimama.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Sikilizeni," Mama Mizani alisema.

Wakasikiliza. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani, basi.

"Sisikii kitu," alisema Fundi.

"Ndiyo maana nimesimama! Huyu mwanangu hajasema neno tangu asubuhi. Nimemzaa mimi, namjua. Ama anaumwa, ama kuna kitu amemeza."

Macho yote yakamgeukia Chiriku. Alikuwa amefunga mdomo kwa viganja viwili, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mimi sijasema!" akalipuka. "Nimeahidi kutosema, na sijasema, sijasema kabisa!" Lakini macho yake yalikuwa kwenye mguu wa Kiberenge, nayo hayakuwa yameahidi kitu.

Fundi alimketisha Kiberenge kando ya barabara, akafungua kamba za kiatu. Soksi ilikuwa imegandamana na kidonda. Shangazi aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akakiondoa upesi.

"Ana homa," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi alimbeba mgongoni hadi mji uliofuata, kwenye zahanati yenye benchi refu na ukuta wa kijani. Tabibu alisafisha kidonda bila haraka, na Kiberenge aliuma kola ya gauni lake. "Mngechelewa zaidi, sumu ingepanda mguuni," tabibu alimwambia shangazi. "Atumie dawa hizi mpaka ziishe, na asivae kiatu mpaka pakauke. Kidonda cha siku ya kwanza kinataka maji safi na sabuni tu. Cha siku ya tatu ndicho kinataka yote haya."

Nje, watu wazima walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Kiberenge alijua wanazungumza habari ya basi. Dawa zilikuwa zimekula sehemu ya mfuko. Alitazama chini, akasubiri hukumu.

"Basi litatumaliza," Mama Mizani alisema. "Nauli za watu wawili ni unga wetu wote. Kupumzika hapa ni bure. Tutakunywa uji bila sukari. Mimi daktari aliniambia niiache sukari tangu mwaka juzi, nikakosa sababu. Leo nimeipata."

Fundi alicheka. "Haya. Homa ikishuka na pakikauka, tutaendelea. Isiposhuka, atarudi, na hapo hakuna ubishi."

Wakapewa darasa la kulala katika shule iliyokuwa likizoni. Homa ilishuka, lakini Kiberenge hakufurahi. Mchana mmoja wenzake walikwenda kutafuta kuni, akabaki na shangazi. Shangazi aliokota raba moja, akaingiza mkono ndani, akakunja uso.

"Vile vitambaa vya mbele viko wapi?"

"Vitambaa gani?"

"Vya vidoleni. Vilikuwa ndani."

"Nilivitupa. Nilidhani ni vya kushikilia umbo."

"Umbo!" Shangazi aliketi kwenye dawati lililokuwa dogo mno kwake. "Mimi ndiye niliyevishona. Wifi yangu alinunua hizi raba mtumbani, kubwa kuliko mguu wake, kwa sababu zilikuwa rahisi. Mguu wake ulikuwa mdogo kama wako. Ilibidi tuzijaze."

Kiberenge aliitazama ile raba. Kumbe alikuwa amevishika mkononi, vitambaa alivyovikanyaga mama njia nzima, akavifagia na taka.

"Nilitaka kuwa kama yeye," alisema. "Hakulalamika. Alikuwa anatangulia mbele ya wote."

Shangazi alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka dawati likalia. "Mama yako? Hakulalamika? Mwanangu, hakuna mlalamishi aliyewahi kupita barabara hii kama mama yako! Kila asubuhi: wifi, kidole. Kila mchana: wifi, kiuno. Simameni, kuna kokoto kiatuni! Tulimchoka! Unadhani alitangulia kwa nini?"

Kiberenge alifikiri. Kanuni ya Fundi ikamrudia. "Kwa sababu... alikuwa wa polepole?"

"Kuliko wote. Hata Mama Mizani alikuwa nyuma yake. Lakini kila mwaka alifika, na miguu yake mizima, kwa sababu palipouma alisema pakiwa bado padogo." Kicheko kiliisha taratibu. Shangazi akajifuta macho. "Jamani, nimekuwa na hamu ya kelele zake. Chumba changu kimekuwa kimya sana."

Kiberenge hakuwahi kumsikia shangazi akisema hivyo. Alikuwa amedhani kwamba yeye peke yake ndiye anayekiona kigoda kile.

Shangazi alifungua kifurushi chake cha sindano, akakata pindo la kitambaa chake cha kichwa, akalikunja na kulishona. Alijaribisha kwenye kiatu, akatoa, akapunguza, akarudisha. Kiberenge alikivaa kwenye mguu wake mzima, na kwa mara ya kwanza kiatu cha mama kilimshika vizuri.

Walipoondoka tena, kidonda kilikuwa kimefunga. Mama Mizani alisogea pembeni, akainama kama mtumishi wa mfalme. "Nimepinduliwa," alisema. "Pita, mheshimiwa."

Basi Kiberenge, mtoto asiyejua kutembea, akatangulia kwa mwendo wa kobe. Kiatu kikimgusa vibaya, alisema, "Simameni," nao wakasimama, akakirekebisha. Mara ya kwanza aliona haya. Mara ya pili Fundi naye akakaa chini na kukung'uta chake. Chiriku, aliyeachiliwa kutoka kwenye ahadi yake, alifidia maneno yote aliyokuwa akidaiwa.

Siku ya mwisho barabara ilianza kupanda. Kiberenge alipanda polepole, akipumua kwa mdomo. Kisha barabara ikapinda, na mara lilikuwa pale, ng'ambo ya bonde, jeupe, dogo, kama alivyoambiwa. Hakukuwa na mtu mbele yake. Alikuwa wa kwanza kuliona.

Alikuwa amepanga kupiga kelele. Sauti haikutoka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona nyasi, mawe na barabara. Mama hakuwapo.

"Ni mguu?" shangazi aliuliza nyuma yake.

"Mguu unauma kidogo tu." Akataka kusema basi, hamna kitu, kama siku zote. Kisha akasema, "Nataka mama awe hapa, shangazi. Hiki ndicho kinachouma. Kinauma kila siku."

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, yule mtoto mwenye moyo mgumu. Shangazi alikaa naye kwenye nyasi, akamkumbatia, naye machozi yakamtoka.

"Sasa umesema," shangazi alisema baadaye. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Ulinificha kiatu, ukanificha kidonda, ukanificha na hili. Na mimi nilikuficha langu, nikainamia cherehani. Tumekosea wote wawili. Kuanzia leo, pakiuma, sema pakiwa bado padogo. Wanaokupenda hawawezi kuosha kidonda wasichokiona. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Tukirudi nyumbani, utakaa kwenye kile kigoda. Vifungo vinanishinda peke yangu."

Kiberenge alitikisa kichwa kukubali. Nyuma yao, Mama Mizani alikuwa ameketi juu ya gunia la unga, Fundi amevua kofia, na hata Chiriku alikuwa kimya, safari hii bila kuahidi chochote.

"Twende?" shangazi aliuliza kwa upole.

Kiberenge alilitazama tena lile kanisa dogo jeupe. "Bado kidogo," alisema.

Hakuna aliyempita. Msafara mzima ukasubiri.