Huo Si Utani, Anwar

Eufrazia aliacha kwenda darasani kwa sababu ya wimbo.

Wimbo huo aliuimba Anwar, jirani yake pale Tandale. Alimtaka Eufrazia, akakataliwa. Akaenda kurekodi. Akamtaja kwa jina, akamwita malaya, akasema wanawake wote wananunulika. Wimbo ukasambaa kwenye simu. Njia ya kwenda darasa la ushonaji inapita sokoni. Huko wapagazi walimwimbia Eufrazia mstari huo, na mmoja akamvuta gauni. Tangu siku hiyo alikaa ndani.

Mama Anwar alimwita Shomari, jirani anayepiga muziki kwenye harusi, aje azungumze na mwanawe.

"Shikamoo, mjomba," alisema Anwar.

"Marahaba. Umemuimba nini mtoto wa watu?"

"Hip hop ndo ilivyo, mjomba. Halafu ni utani tu. Yeye Mnyamwezi, sie Wazaramo. Si watani?"

"Watani! Kwenye msiba wa babu yako, nani aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe hela?"

"Baba Eufrazia."

"Mama yako akamjibuje?"

Anwar akacheka. "Alisema afukiwe humohumo."

"Na wote mkacheka. Mtani anakutania usoni, nawe unamjibu. Eufrazia atamjibu nani? Simu? Wewe ulikataliwa, ukakasirika. Sasa umewaambia wanaume kwamba yeye ni bidhaa. Sokoni wameshamvuta gauni. Unajua hilo?"

Anwar hakujua.

"Kwa hiyo niache kuchana mistari?"

"Chana! Nani kakukataza? Maji yanakatika, kodi inapanda, huoni? Hip hop haikudai umtukane mwanamke."

Anwar aliufuta wimbo, akawaomba wenzake nao waufute. Kesho yake, kwa ombi la Shomari, Eufrazia alikuja sokoni na baba yake. Anwar akasimama mbele ya wapagazi.

"Nilisema uongo," alisema. "Alinikataa, nikakasirika. Naomba radhi."

Eufrazia alimtazama usoni, akamjibu.

"Mzaramo wewe, kumbe ukisema kweli unatoka jasho hivyo!"

Wapagazi waliangua kicheko. Safari hii walimcheka Anwar.

Jumatatu Eufrazia alipita sokoni peke yake. Hakuna aliyemwimbia.

Lakini alikuwa amekosa wiki tatu za masomo. Wenzake wanashona kola, yeye bado yuko kwenye mikono ya gauni. Na wimbo ungali kwenye simu za watu asiowajua Anwar.