Kanzu ya Majani ya Maboga

Mwaka themanini na saba vita vilikuwa vimekwisha mjini ila bado viko barabarani, na soko la Jinja lilikuwa limeanza kujaa tena. Mariat, mwanafunzi wa kuchora na kuchapa vitambaa, alivaa gauni la njano, ameinua jani la boga juani akitazama mishipa yake.

"Dada, hiyo ni ya kupika, si ya kusoma."

Akageuka. Kijana mrefu, kofia ya kufuma, robota la marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, begani: Jamil, muuza vitambaa wa Nabuyonga, Mbale.

"Mimi naisoma, halafu naichapa kwa nguo."

"Basi unataka nguo. Na mwenye nguo ni mimi."

Moyo wa Mariat ulidunda. Tusidanganyane, ulidunda sana. Viwanda vilikuwa vimelala, marekani adimu, na mtihani wake wa mwisho ulitaka kitambaa kizima kilichochapwa. Bila hicho, hakuna cheti. Jamil akawa anamletea, akishaifua kuondoa wanga ili rangi ishike. Jioni, akiwa Mbale, alimpigia simu dukani kwa Bi Kadija, jirani yake Mariat.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nakula sauti yako."

Bi Kadija akakohoa kwa makusudi.

Wiki ya mtihani, kitambaa kimeshachapwa, Mariat alikwenda kuomba makaa ya pasi, maana rangi ile hukazwa kwa joto. Aliporudi alimkuta Jamil uani, mikono na kile kitambaa ndani ya beseni, maji kijani kibichi.

"Nimekuja ghafla nikufurahishe," alisema Jamil. "Si mimi hufua nguo yako siku zote?"

"Hiyo ilikuwa haijapigwa pasi, Jamil. Umenimaliza. Toka."

Simu zikaja. Mariat hakuzigusa.

"Anasema hayupo," Bi Kadija alijibu, Mariat kasimama ubavuni pake.

Siku moja kabla ya mtihani Jamil akatokea, vumbi mpaka nyusi. Askari walikuwa wamerudisha lori alilopanda kwenye kizuizi, akamalizia kwa miguu. Kwapani, kitambaa cheupe.

"Mama aliweka hii kwa kanzu ya harusi yangu. Nimeifua. Chapa."

"Na harusini utavaa nini?"

"Hii hii."

"Majani ya maboga? Watu watacheka."

"Wacheke. Ila bibi harusi sina. Nimekuja kwa hilo pia."

Mariat akafungua kopo la rangi. Alimpa pembe za kitambaa azishike, akaanza kuchapa, jani baada ya jani, furaha imemjaa. Kisha akapiga pasi, polepole, kila pindo.

"Maji?" akauliza kwa ukali wa kujifanya.

"Sigusi mpaka uniambie."

Cheti alikipata. Na huko Mbale bwana harusi aliingia amejaa majani. Mama yake akaficha uso kwa mtandio, akicheka na kulia pamoja.

Wageni walipoondoka, Jamil aliita kutoka uani:

"Mariat, kanzu imeingia mchuzi. Naweza kuifua?"

"Sasa unaweza, mume wangu."