Springi Aliyoilegeza Titus

Watu wa Voi na vilima vyake, tegeni sikio, maana boma ninalolisimulia lingeweza kuwa lako.

Jumapili ile Jedidah alikuwa barazani kwake, upande wa Ndara, akichambua kunde huku mumewe, Titus, akimsimulia vituko vya wanakwaya mpaka akacheka machozi. Jedidah ni mfanyabiashara wa mbuzi. Tangu majambazi walipomvamia akitoka mnadani, alikuwa na leseni ya bastola ndogo ya risasi sita, na aliivaa kiunoni chini ya leso.

"Baba Abby," alimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Bomeni, "baridi yabisi ya vidole imenizidi. Juzi kwenye uwanja wa shabaha nilivuta kifyatulio mpaka kidole kikawaka moto. Risasi zote zilienda kando."

"Ni kigumu hivyo?"

"Kigumu kama nini! Nitaipeleka Mombasa kwa fundi wa bunduki. Lakini wiki hii kuna mnada."

Titus alikuwa fundi wa pikipiki na cherehani. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Kazi hiyo siijui." Msomaji, neno hilo dogo lingeiokoa nyumba yake.

Mwezi uliofuata Jedidah alirudi kwenye uwanja wa shabaha, akastaajabu. Kifyatulio kilikuwa laini, kidole hakikuuma. Dawa za hospitali zimefanya kazi, alijiambia. Risasi tano zikalia. Ya sita, nyundo ya bastola iligonga "ka!" kisha kimya.

Mkufunzi wa uwanja alimwambia asubiri, mdomo wa bastola ukiwa bado umeelekea kwenye shabaha. Baadaye akaitoa ile risasi na kuitazama kitakoni, kwenye fataki, kile kidonge kinachopigwa ili baruti iwake. "Imeguswa kidogo tu," alisema. "Huenda risasi ni mbovu. Lakini peleka silaha ikaguliwe, mama."

Nyumbani alimweleza Titus.

"Ni risasi hizo," Titus alijibu haraka, macho kwenye cherehani. "Nunua za kampuni nyingine."

Akanunua. Safari hii mbili kati ya sita zikanyamaza. Muuzaji aliapa kwamba risasi zake ni nzima. Daktari naye alikipima kidole akasema hakijapona hata kidogo. Sasa kama hakijapona, ule ulaini umetoka wapi? Swali hilo lilimzunguka akipika, akisali, akiwafungulia mbuzi. Kuna siku alijiuliza kama kweli kifyatulio kiliwahi kuwa kigumu. Aliogopa kwamba akili yake inaanza kuyumba, kama ya mamake uzeeni.

Na Titus, aliyekuwa na jibu mdomoni, alimwambia tu, "Umechoka, Mama Abby. Pumzika."

Akapumzika, na safari ya Mombasa ikaahirishwa tena.

Asubuhi moja ya Agosti Titus alikuwa kwenye tangi la maji akinawa. Fisi akatokea vichakani mchana kweupe, anapepesuka, povu limemjaa mdomoni. Jedidah alijua mara moja kwamba huyo ana kichaa.

"Titus, kimbia!"

Akaichomoa bastola, akalenga, akavuta. Ka! Akavuta tena. Ka! Akaitazama mkononi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Alipoinua macho, fisi alikuwa ameung'ang'ania mkono wa kulia wa mumewe. Akasogea karibu, akavuta mara ya tatu. Ikalia, na fisi akaanguka.

Hospitalini Titus alichomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na vidole vyake vitatu vikakatwa. Jedidah aliketi kando ya kitanda.

"Mbili hazikulia, ya tatu ikalia. Sielewi, Titus. Nina wazimu?"

Titus aligeukia ukuta. "Huna wazimu. Ni mimi niliyeilegeza springi ya bastola, ukiwa umelala. Sikutaka uumie. Nilijaribu risasi mbili porini kabla hujaamka, zote zikalia, nikaona nimemaliza kazi."

"Na uliponiona nimechanganyikiwa?"

"Niliona aibu."

Bastola ilikabidhiwa polisi, wakaipeleka kwa Waleed, fundi mwenye kibali kutoka Mombasa. "Mama," alimweleza Jedidah, "springi inayokufanya uvute kwa nguvu ndiyo hiyo hiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupiga fataki. Ukilegeza mno, risasi nyepesi kuwaka italia, ngumu itanyamaza. Sisi tukipunguza kidogo, tunajaribu risasi nyingi, za kila aina. Hata moja tu ikikataa kulia, tunairudisha ngumu."

Leo leseni ya Jedidah imesimamishwa kwa kuwa silaha yake iliguswa na asiye na kibali, na Titus hawezi kushika spana. Jioni mkewe humkatia nyama sahanini. Kuna siku humhurumia kwa sababu alitenda kwa mapenzi. Kuna siku hukumbuka ile "Pumzika," akaweka kisu chini, akatoka nje bila kusema kitu.

Mafunzo

Ndugu zangu, silaha isiguswe na fundi wa kubahatisha, hata kama ni mumeo na anakupenda. Kinachopunguzwa ili kiwe rahisi lazima kijaribiwe na anayejua, mpaka shaka iishe. Ukiambiwa upeleke kitu kikaguliwe, usingoje mnada upite. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Titus angesema mapema, mkewe angekasirika siku mbili tatu, na yeye angekuwa na vidole vyake vyote.