Kanuni Aliyoificha Selorm

Esinam Kpodo alikutana na Selorm kwenye foleni ya waakye, wali uliopikwa na maharage, pale mtaa wa Osu, jua likiwaka na watu wakisukumana. Esinam alivaa gauni la kitenge cha bluu. Kijana aliyesimama nyuma yake alivaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Dada, nipishe basi, njaa inaniua."

"Ikuue ukiwa kwenye foleni kama wenzako."

Wakacheka. Kumbe wote wawili walikuwa waandishi wa programu za kompyuta. Baada ya miezi michache walishakuwa wapenzi, na Esinam akamwombea kazi ofisini kwao, walikokuwa wakitengeneza mfumo wa benki moja ya damu.

Ubishi wao ulikuwa mmoja: kanuni ya mchangiaji kungoja miezi minne kabla ya kutoa damu tena ikae wapi?

"Kwenye skrini ya simu, laazizi. Siku mbili tumemaliza," alisema Selorm.

"Hapana, kwenye seva ya katikati. Wapo wauguzi wanaotumia simu, na wapo wanaotumia kompyuta. Wote lazima wapite hapo, ndipo kanuni iwakamate."

"Haya, malkia wangu. Nitaiweka katikati. Niamini."

Esinam akamwamini, asikague.

Wiki sita baadaye fundi cherehani mmoja, Bi Dede, alitoa damu mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Muuguzi wa pili alitumia kompyuta, na kompyuta haikumzuia. Mama wa watu akaanguka sokoni, akakimbizwa hospitali.

Bi Naadu, mkuu wa ofisi, akawaita wote.

"Nani aliyeiweka kanuni kwenye simu tu?"

Selorm akainamia meza. "Esinam ndiye aliyenielekeza, madam."

Esinam akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Jioni simu ikaita.

"Esi wangu, niliogopa. Mimi mgeni, wangenifukuza."

"Kwa hiyo nifukuzwe mimi?"

"Nilijua wewe watakusamehe."

"Kumbe ulishapiga hesabu! Ukanitoa kafara, na kunitazama hukunitazama."

Akakata simu.

Siku ya tatu Selorm akaenda mwenyewe kwa Bi Naadu, akafungua kumbukumbu za mabadiliko ya programu, jina lake likiwa kila mahali. Akakiri na kuacha kazi. Esinam aliporudishwa kazini, akamkuta akimngoja getini.

"Nimesema ukweli, Esi. Twende kwenu Ho nikamwone baba yako. Nataka kukuoa."

"Kamwombe radhi Bi Dede kwanza."

Wakaenda pamoja hospitali. Wodini Selorm akapiga magoti, akaeleza yote. Bi Dede akamshika bega.

"Nimekusamehe, mwanangu. Inuka."

Nje Selorm akanyoosha mkono. Esinam akaushika, akaukaza, machozi yakimtoka.

"Ungekosea tu bila kunisingizia, tungerekebisha pamoja na kucheka."

"Na sasa?"

"Yeye amekusamehe, Selorm. Mimi bado sijaweza."

Akauachia mkono, akasimamisha teksi, akaingia peke yake.